Barua ya wazi: maporomoko yaliyo ndani ya hifadhi mbili

Kwa: Mkuu wa Hifadhi ya Taifa
Kwa: Meneja wa Barabara wa Mkoa
Nakala: Mkuu wa Wilaya, Usalama Barabarani Mkoa, na kila mwenye kupita njia ile

YAH: MAEGESHO, UKINGO NA CHOO KWENYE MAPOROMOKO YA KANDO YA BARABARA

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Barua zangu tatu zilizotangulia zilianza kwa maneno hayo hayo. Ya kwanza niliipeleka kwa mkono Novemba mwaka jana, ikagongwa muhuri wa IMEPOKELEWA mbele ya macho yangu. Ya pili ilikwenda Februari. Ya tatu, ya Juni, niliitoa nakala mbili, moja kwa kila mmoja wenu, maana nilikwisha kuanza kuelewa mchezo ulivyo. Majibu niliyopata yote ni ya mdomo. Hifadhini nimeambiwa barabara si mali yao. Kwa watu wa barabara nimeambiwa maporomoko si mali yao. Kijana mmoja wa masjala, mwenye adabu zake, alininong'oneza, "Mwalimu, jalada liko kwa mkubwa," na jalada likishakaa kwa mkubwa mnajua wenyewe linavyokaa.

Ndiyo maana leo naandika hadharani. Jina la hifadhi silitaji, na la mtu yeyote silitaji. Mnajijua, na barua zenye majina kamili mnazo. Msomaji wa pembeni akidhani nazungumzia mahali anapopafahamu yeye, huenda naye hajakosea sana.

Mimi ni mwalimu wa Jiografia katika shule ya sekondari ya kata, mwaka wa kumi na tisa sasa. Kila Oktoba, kabla mvua za vuli hazijashika, nawapeleka Kidato cha Pili kwenye maporomoko yale. Wengi wao wamezaliwa kilomita chache kutoka mpaka wa hifadhi na hawajawahi kuingia ndani yake. Simba hatuwezi kumwahidi mtoto. Kukodi gari la paa la kufunguka hatuwezi, hata wazazi wachange mwaka mzima. Lakini maporomoko yale yanaonekana barabarani, kwa nauli ya basi. Maji yanateremka kwenye jabali kama kanga iliyoanikwa, yanapita chini ya kalavati, yanaendelea na safari yake bondeni. Watoto wamepima urefu wake kwa kipimapembe, uzi na jiwe: mita 31, ukisamehe makosa ya mikono. Mwaka mzima wa kuchora "mwamba mgumu juu, mwamba laini chini" ubaoni haufikii dakika kumi za kusimama pale.

Mwaka jana tulikuwa arobaini na watatu kwenye basi moja. Dereva alisimama mahali ambapo kila dereva husimama, yaani begani mwa barabara, chini kidogo ya kona. Watoto wakashuka. Binti mmoja akataka kumpiga mwenzake picha na maji yote yaonekane mpaka juu, na ukitaka maji yote yaonekane sharti urudi nyuma. Akarudi hatua moja, ya pili, ya tatu. Fuso iliyobeba mbao ilikuwa inateremka kwenye kona ile, honi inalia, breki zinanuka. Konda wa basi letu alimvuta yule binti kwa sweta. Sweta likachanika begani. Fuso ikapita.

Hakufa mtu. Najua hilo ndilo linalofanya jalada likae.

Askari wa hifadhi alikuwa hatua ishirini kutoka pale, na bahati mbaya au nzuri alikuwa mwanafunzi wangu zamani. Alinipa shikamoo yangu vizuri, kisha nilipomuuliza kwa nini hakuna hata koni moja ya kupunguza mwendo wa magari, akasema kwa unyonge, "Mwalimu, mimi hapa ni askari wa wanyama, si trafiki." Simlaumu. Amesema ukweli wa mkataba wake wa ajira.

Sasa niwaulize kitu ambacho watoto waliniuliza mimi nikakosa jibu. Lugha yetu ina neno moja, hifadhi, na ninyi wawili mnalitumia kila mmoja kwa upande wake. Kuna Hifadhi ya Taifa, yenye Sheria yake, Sura ya 282. Halafu kuna hifadhi ya barabara, ambayo kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inakwenda mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu. Tulipima kwa futikamba. Kutoka katikati ya lami hadi ukingo wa bwawa linalopokea maji ni mita 26. Yaani maporomoko yale yako ndani ya hifadhi mbili kwa mpigo, na hakuna hata moja inayoyahifadhi. Na msiniambie kwamba hizo mita 30 ni za kwenye makaratasi. Nyumba ya bibi yangu ilipigwa alama ya X nyekundu kwa ajili ya mita hizo hizo. Siku ile kamba ya kupimia ilipatikana, na rangi ilipatikana.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Maegesho. Hili ndilo kubwa, na ningeomba kama mtasoma moja tu, msome hili. Zamani, barabara ilipokuwa ya changarawe, upande wa pili wa kona palikuwa na uwanja tambarare ambapo mabasi mawili na magari madogo matano yalikaa bila kugusana. Uwanja ule upo mpaka leo, umeota nyasi. Ilipokuja lami, ukachimbwa mtaro mzuri wa zege kati ya barabara na uwanja, na hakuna aliyekumbuka kuweka kivuko cha gari juu yake. Mtaro ni wa kina cha kiuno changu. Basi halivuki. Kwa hiyo sehemu salama iko wazi, mbuzi tu ndio wanaoifaidi, na binadamu wanabanana begani mwa barabara mahali ambapo dereva anayeteremka anawaona akiwa ameshawafikia. Tatizo hili lote ni la makalavati machache ya bomba na siku chache za kazi ya mafundi. Nimeona kivuko kama hicho kimewekwa mbele ya kituo cha mafuta kilomita tano kabla ya hapo. Nimeona kingine mbele ya baa.

2. Malipo. Sipingi kulipa. Hifadhi haiendeshwi kwa salamu. Ninachopinga ni namna tunavyolipishwa. Ukivuka mtaro kwa miguu unaambiwa umeingia hifadhini, upewe namba ya malipo, ulipe kwa simu. Vema, fedha mkononi zilikuwa na mambo yake. Lakini bonde lile halina mtandao, na mnajua kwamba halina, kwa sababu askari wenu wenyewe hupanda kilimani wanapotaka kupiga simu. Basi mwaka jana mimi na mwalimu mwenzangu tulipanda, tukilipia watoto arobaini na mmoja, tukasubiri ujumbe uingie, tukashuka kuuonyesha. Dakika hamsini. Muda wote huo watoto walikuwa wamesimama wapi? Rudini namba moja. Binti alirudi nyuma kupiga picha wakati mimi niko kilimani nashika simu juu kama mtu anayetafuta mwezi wa Ramadhani.

3. Jabali la juu. Kuna njia ya miguu, imechongwa na miguu ya watu tu, inayopanda mpaka maji yanapoanzia kuanguka. Vijana wanapanda kupiga picha wakiwa wamekaa ukingoni, miguu inaning'inia. Hakuna uzio, hakuna kamba. Kuna kibao kimoja cha bati, kimeandikwa Kiingereza, na jua limekula nusu ya maandishi. Sasa ninachowafundisha watoto darasani ndicho hiki: maji yanakula mwamba laini wa chini, mwamba mgumu wa juu unabaki umechomoza hewani kama ubaraza usio na nguzo, na siku moja unakatika. Ndivyo maporomoko yanavyorudi nyuma kuelekea chanzo cha mto. Ule ubaraza usio na nguzo ndio wanaokalia. Nimewaeleza Kidato cha Pili na wameelewa. Nashindwa kuamini kwamba idara yenye wahitimu wa uhifadhi haijaelewa.

Na si jabali tu. Mto ule unatoka mlimani ambako mvua inaweza kunyesha saa mbili zilizopita na kwenu chini jua linawaka. Wakulima wa kule juu wanajua dalili: maji yakibadilika rangi yakawa kama chai ya maziwa, toka, usiulize. Mgeni aliyetoka mjini hajui. Majirani zetu Kenya, Septemba 2019, walipoteza watu saba katika korongo la Hell's Gate kwa maji ya ghafla, na mwaka 2012, mahali pale pale, vijana saba wa kanisa walikuwa wamekwisha kufa kwa maji ya namna hiyo hiyo. Nalitaja kwa heshima ya waliofiwa, na kwa sababu hesabu ya pale inatisha: saba, na tena saba. Ubao wenye mistari miwili ya Kiswahili ungetosha kuanzia: "Maji yakichafuka, toka mtoni mara moja. Mvua ya mlimani haionekani hapa."

4. Sabuni. Kule juu, hatua chache kabla ya maji kuanguka, bodaboda na daladala zinaoshwa kila siku. Povu linashuka na maporomoko, watoto wakaniuliza kama ndiyo rangi yake. Wanaoosha ni vijana wanaotafuta riziki, na sipendi wafukuzwe kwa virungu. Wahamishwe waoshee mbali na mto. Lakini hili msilione dogo. Maporomoko si maji yanayoanguka peke yake. Manyunyu yanayopeperuka pembeni yanalea viumbe wasioweza kuishi popote pengine. Nchi hii inapaswa kuwa ya mwisho duniani kusahau somo hilo. Kule Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa, aliishi chura asiyefika hata sentimita tatu, anayezaa watoto badala ya kutaga, na dunia yake nzima ilikuwa ni manyunyu ya korongo moja lenye eneo la shamba dogo tu. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme, manyunyu yakapungua. Ikabidi ziwekwe bomba za kunyunyizia, ikabidi vyura karibu 500 wapelekwe Marekani mwishoni mwa mwaka 2000 wakazalishiwe huko. Mwaka 2003 waliobaki korongoni wakaporomoka kwa idadi, na ugonjwa wa kuvu ukaonekana kati yao. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hayupo tena, na kuanzia 2012 akawa anarudishwa kidogo kidogo. Fedha zote hizo, ndege zote hizo, kwa ajili ya manyunyu. Nani amepima kinachoishi kwenye manyunyu ya maporomoko yetu? Mimi nimeona vyura. Sijui ni wa aina gani na sina vifaa. Ninyi mnavyo.

5. Choo hakuna. Wasichana ishirini na sita, kwa muda wa saa nne.

Najua mtajibu nini, maana baadhi nimeshajibiwa.

Mtasema fedha haipo kwenye bajeti ya mwaka huu. Barua ya kwanza ilikuwa ya bajeti ya mwaka jana. Halafu, kila anayevuka mtaro analipa, kwa hiyo maporomoko yale yanaingiza kitu. Sijaomba mgahawa wala daraja la vioo.

Mtasema suala linahitaji vikao vya pamoja vya taasisi mbili. Kaeni. Ofisi zenu ziko mji mmoja, nimetembea kutoka moja hadi nyingine kwa miguu, nilifika kabla jasho halijanitoka.

Mtasema, na hili ndilo ninaloliogopa zaidi, kwamba dawa ni kupiga marufuku magari kusimama. Kibao kimoja, faini, kwisha habari. Waheshimiwa, kwenye maporomoko ya Kalambo, mpakani kwetu na Zambia kule Rukwa, wataalamu walitangaza mwaka 2023 kwamba upande wa Zambia wamekuta magogo yaliyochongwa na kupachikwa pamoja miaka takriban 476,000 iliyopita, kabla hata binadamu wa aina yetu hajatokea. Viumbe wale nao walisimama penye maporomoko, wakaona panafaa kukaa. Mkipiga marufuku, watu watasimama tu, ila watasimama mbali zaidi na askari, kwenye kona mbaya zaidi, huku wakikimbizana. Na sisi mnaotuhimiza kila siku tufanye utalii wa ndani, tutabaki kuitazama hifadhi yetu kwa kupitia kioo cha basi linalokwenda mwendo wa themanini.

Mtasema pia kwamba wageni wa ndani ni wachafu. Hapo nitainamisha kichwa. Ni kweli. Tangu Juni 2019 mifuko ya plastiki imepigwa marufuku na bado naiokota pale, pamoja na chupa, maganda ya mahindi na nepi za watoto. Nimemwona baba mzima akimrushia nyani mkate ili mwanawe acheke, na nyani yule sasa anapora mikoba. Sisi watu wa kawaida tuna deni letu hapo, na shule yangu iko tayari kulilipa kwa mikono: kila muhula darasa moja litasafisha eneo lile, kama tutapewa mahali salama pa kushushia watoto.

Sisemi kwamba hamjui kazi. Anayepita Mikumi, barabara kuu ya kwenda Zambia inapoikata hifadhi kwa takriban kilomita 50, anakutana na ubao ulioorodhesha faini ya kila mnyama utakayemgonga, na mwenye gari anainua mguu kwenye mafuta akiusoma. Ubao ule ni ushahidi kwamba hifadhi na barabara zinaweza kuzungumza zikitaka. Watoto wangu wameusoma. Mmoja aliuliza faini ya kumgonga mwanafunzi ni shilingi ngapi, wenzake wakacheka, mimi sikucheka.

Kwa hiyo naomba mambo haya, na nimeyapanga kwa uzito wake. Kwanza kivuko cha gari juu ya mtaro, ili uwanja wa zamani utumike tena, na matuta au alama za kupunguza mwendo pande zote mbili za kona. Hilo ni lenu, Meneja wa Barabara. Pili, ubao wa Kiswahili kuhusu maji ya ghafla na jabali la juu, na uzio hata wa magogo pale juu. Hilo ni lenu, Mkuu wa Hifadhi. Tatu, shule ziruhusiwe kulipia kabla ya safari, ofisini, ili mwalimu asiwaache watoto barabarani akatafute mtandao. Hili halihitaji hata mfuko wa saruji. Ni waraka wa ukurasa mmoja. Vijana waosha magari watengewe mahali pao. Choo kije kitakapokuja, lakini kije.

Na naomba jibu la maandishi, lenye sahihi zenu wawili kwenye karatasi moja. Likija likisema hapana, nitalibandika kwenye ubao wa matangazo wa shule ili wazazi wajue tunakwenda mahali pa namna gani. Likija likisema ndiyo, nitalibandika pale pale.

Safari yetu ya mwaka huu ni Jumamosi ya pili ya Oktoba. Basi limeshalipiwa nusu, na wanafunzi ni arobaini na saba. Tutafika kwenye kona ile yapata saa tatu asubuhi, na dereva ameshaniuliza asimame wapi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Jiografia
Shule ya Sekondari ya Kata
(jina, sahihi na namba ya simu vipo kwenye barua zangu za Novemba, Februari na Juni)